Kurudufu diski

Fundi wa kompyuta anayetaka kuhamisha kila kilichomo kwenye diski moja hadi nyingine husema anaikloni. Mwandishi anayetafuta neno la Kiswahili kwa kazi hiyo hukimbilia kunakili, na mkanganyiko huanzia hapo, kwa sababu kunakili tumeshalipa kazi nyingine: kuichukua faili katika kabrasha moja na kuibandika katika jingine. Mtu aliyenakili faili zake zote kwenye diski mpya, akaifunga kwenye kompyuta na kubonyeza kitufe, atakuta mashine haiwaki. Faili zote zipo, ila kinachouamsha mfumo hakikuja nazo. Ninashauri kazi ya kuhamisha diski nzima tuiite kurudufu.

Kurudufu ni kukifanya kitu kimoja kuwa viwili. Wanaisimu wanalitumia kila siku, maana urudufishaji ndilo jina la kanuni inayotupa polepole na mbalimbali, ambapo umbo lenyewe hurudi lilivyo. Walimu waliochapa mitihani kwa mashine ya stensili nao walisema wanaidurufu, neno lililo jirani kabisa. Kwa hiyo hatuna haja ya kuunda neno jipya. Lipo, na lina wanaolifahamu.

Neno la kigeni lenyewe, kloni, lilitoka shambani. Mwaka 1903 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Herbert Webber, alilichukua kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kijiti, ili kuitaja mimea inayozalishwa kwa vipande vya mmea mmoja badala ya mbegu. Mkulima wa muhogo anaielewa maana hiyo kuliko fundi yeyote. Pingili zilizokatwa kwenye shina moja huzaa mihogo yenye sifa zilezile, na kama shina lilikuwa na batobato, pingili nazo huenda nayo. Diski iliyorudufiwa iko hivyohivyo: virusi, mipangilio mibovu na faili zilizoharibika husafiri pamoja na kazi nzuri.

Kwa mashine, diski ni mfululizo mrefu wa sekta zenye namba, kila moja baiti 512, au 4,096 kwenye nyingi za kisasa. Mwanzoni kuna jedwali linaloonyesha vizigeu, yaani migawanyo ya diski, kila kimoja kinapoanzia na kuishia. Katika mpangilio wa GPT jedwali hilo lina akiba yake mwishoni kabisa mwa diski. Kisha ipo programu ndogo inayouamsha mfumo endeshi, na ndani ya vizigeu upo mfumo wa faili unaojua kila faili ni ya nani na nani anaruhusiwa kuisoma. Anayenakili faili hagusi jedwali wala ile programu ya kuamsha. Anayerudufu huyachukua yote kwa mpangilio wake.

Katika Linux kuna chombo cha zamani cha kazi hii, dd, kinachokuja tayari na karibu kila toleo. Husoma sekta moja baada ya nyingine na kuziandika upande wa pili bila kujali zina nini. Diski ya terabaiti moja yenye gigabaiti 60 tu za data itasomwa terabaiti nzima. Na dd haiulizi swali lolote: ukibadilisha nafasi za if (chanzo) na of (lengwa), diski tupu itaandikwa juu ya diski yenye kazi zako za miaka. Kwa sababu hiyo mtu wa kawaida namshauri atumie Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan katika kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa. Ndani yake hufanya kazi Partclone, inayoielewa mifumo ya faili kama ext4, XFS, Btrfs na NTFS, hivyo huchukua sehemu zilizotumika tu. Ikikuta mfumo isioufahamu, kazi huachiwa dd.

Kusakinisha Clonezilla kwenye Ubuntu au Debian ni amri moja katika terminali: sudo apt install clonezilla. Baada ya hapo sudo clonezilla hufungua menyu yake. Lakini anayesakinisha ajue mpaka wa alichokipata. Programu iliyo ndani ya mfumo unaofanya kazi haiwezi kuurudufu mfumo huohuo kwa usalama, kwa kuwa faili zinabadilika huku zinasomwa, na Partclone hukataa kizigeu ambacho bado kimepachikwa, yaani kinatumiwa na mfumo. Clonezilla iliyosakinishwa inafaa kwa diski nyingine, mathalani iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa na kuunganishwa kwa waya wa USB. Anayetaka kurudufu diski ambayo mfumo wake unaitumia aandae flashi yenye Clonezilla Live, aiwashe kompyuta kupitia flashi hiyo, na diski ibaki imelala.

Kabla ya lolote, endesha lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL. Majina kama sda na sdb si ya kutegemea. Yanaweza kubadilishana ukiwasha upya. Namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye lebo ya diski haibadiliki, na hiyo ndiyo ya kulinganisha mara mbili kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali. Diski lengwa nayo isiwe ndogo kuliko ya asili, hata kama data zenyewe zingeenea; kwa kawaida Clonezilla huikataa.

Neno kurudufu linatusaidia pia kuelewa tatizo linalowashangaza wengi baada ya kazi kwenda vizuri. Kila mfumo wa faili wa aina ya ext4, XFS au Btrfs una kitambulisho chake, UUID, namba ya biti 128 iliyokusudiwa kuwa ya pekee, na Linux huitumia katika /etc/fstab kujua kipi kipachikwe wapi. Ukirudufu, nacho kinakuwa viwili. Ukiacha diski zote mbili ndani ya mashine moja, XFS itakataa kupachika ya pili. Kwa Btrfs hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kerneli inaweza kuzichanganya mbili hizo na data zikaharibika. Ext4 haitalalamika: unaweza kudhani unafanya kazi kwenye diski mpya kumbe unaandika kwenye ile ya zamani. Ondoa diski ya asili kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza. Ikilazimu zote zibaki, ipe ile mpya kitambulisho kingine, kwa tune2fs -U random ikiwa ni ext4 au xfs_admin -U generate ikiwa ni XFS, kisha urekebishe /etc/fstab na GRUB, yaani programu inayouamsha mfumo.

Si kila kazi ya diski ni kurudufu. Kinachohifadhiwa ndani ya faili moja kubwa ili kirudishwe baadaye tukiite taswira ya diski. Na diski inayougua, inayotoa hitilafu ikisomwa, hairudufiwi kwa njia hizi. Hiyo huokolewa, na chombo chake ni ddrescue, ambacho Debian na Ubuntu wanakipa jina la gddrescue katika orodha ya vifurushi. Hukimbilia kwanza sehemu nzima, kisha hurudi kwenye zilizoharibika, huku kikiandika ramani ya kilichosalia.

Kwa maabara ya shule, ambako taswira moja hujaza chumba kizima cha kompyuta, mambo mawili yafanyike kwenye mashine ya asili kabla ya kutengeneza taswira. Faili ya /etc/machine-id, yenye namba inayoitambulisha mashine, iachwe tupu, ili kila mashine ijiundie yake ikiwaka. Namba hizo zikifanana, mtandao unaweza kuzipa kompyuta mbili anwani moja. Funguo za SSH zinazotambulisha mashine ndani ya /etc/ssh zifutwe, kisha kila kompyuta iundiwe zake kwa ssh-keygen -A. Jina la mashine katika /etc/hostname nalo hubadilishwa, kompyuta moja baada ya nyingine.