Programu moja, mashine nyingi: kisa cha WEB

Leo tuongee historia kidogo, ila msikimbie, si ya vita wala ya wafalme. Ni ya namna ya kuifanya programu ijitolee kitabu cha maelezo yenyewe, halafu kitabu hicho kitoke vilevile kwenye kila mashine.

Mwaka 1977 profesa Donald Knuth wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake. Akaziona mbaya ajabu. Wengine tungelalamika tu. Yeye akaamua kuandika programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa, akaiita TeX. Mwaka 1978 ilikuwa inafanya kazi, lakini kwa lugha ya SAIL, lugha ya mashine za ukoo wa PDP-10. Watu wa nje wakaitaka: huyu ana IBM, yule ana VAX. Hapo ndipo ngoma ilipoanza.

Akaiandika upya kwa Pascal, ikakamilika mwaka 1982. Pascal ilisifiwa kwamba ipo kila mahali. Kweli ilikuwepo, ila kila mahali na lahaja yake, kama Kimvita na Kiunguja. Kufungua faili huku ni hivi, kule ni vingine. Hata herufi zenyewe hazikukubaliana: A kwenye mashine zinazotumia ASCII ni 65, kwenye zile kubwa za IBM zinazotumia EBCDIC ni 193. Sasa ukiwapa watu programu ndefu namna hiyo, kila mmoja ataichokonoa ilingane na mashine yake, na baada ya mwaka mna TeX ishirini zisizofanana.

Dawa yake ilikuwa WEB. (Jina hilo alilichagua kabla ya hii web tunayoijua sisi, maana hiyo wazo lake ni la 1989!) Kwenye WEB unaandika faili moja tu, maelezo ya binadamu na amri za mashine vikiwa vimechanganyika, kifungu kwa kifungu. Kisha kuna programu mbili. TANGLE inachomoa Pascal kwa ajili ya kompaila. WEAVE inatoa kitabu, chenye faharasa na kila kitu. Kinachonifurahisha ni kwamba ile Pascal inayotoka TANGLE haisomeki kabisa, herufi kubwa tupu zilizobanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Imefanywa hivyo makusudi! Ukitaka kuelewa, rudi kwenye faili lenye maelezo.

Na yale mabadiliko ya kila mashine? Hayaguswi kwenye faili kuu. Unaandika faili la pembeni: baada ya @x unaweka mistari ya asili, baada ya @y mistari yako, unafunga kwa @z. Mistari ya asili isipolingana na faili kuu, TANGLE inagoma na kukwambia. Kwa hiyo Knuth akirekebisha kosa, kila mtu anachukua faili jipya na viraka vyake vinabaki.

Halafu kukawa na mtihani, unaitwa TRIP. Faili lake halina maana yoyote kwa msomaji. Limejaa mitego ya kupitisha programu karibu kwenye kila kona yake, na matokeo yanalinganishwa na yale ya Stanford. Usipofaulu, programu yako usiiite TeX. Basi.

Nimejaribu WEAVE mwenyewe, Ubuntu kwenye laptopu yangu na Windows kwenye kompyuta za maabara. Nikampa tex.web, vifungu 1,380, nikapata kitabu cha zaidi ya kurasa 500. Nikalinganisha mafaili ya DVI ya pande mbili, baiti kwa baiti. Tofauti ilikuwa tarehe na saa tu, ambazo TeX huziandika mwanzoni mwa faili. Miaka arobaini na ushee, jamani!

Baadaye ikaja Javadoc pamoja na Java yenyewe mwaka 1996, na Doxygen ya Dimitri van Heesch mwaka 1997. Hizi ni rahisi zaidi, zinaokota maoni uliyoandika juu ya kila funksheni. Lakini kwa mtazamo wangu zinakwambia kitu kinaitwaje na kinapokea nini. Kwa nini kiko hivyo, mara nyingi kimya. WEB inakulazimisha kusema kwa nini.

Nasema haya kwa sababu kikundi chetu kimerithi mradi wa waliohitimu, mafaili kibao na maelezo sifuri, na wenzangu wanne kati ya watano wanataka tuufute tuanze upya. Mimi nataka tuusome na kuuandikia, kifungu kwa kifungu. Kura ni Ijumaa. Nyie mngepiga upande gani?