Jabali na Jina: Habari za Kabogo, Kungwe na Mawenzi

Mtu aondokaye Kigoma kwa chombo na kushika njia ya kusini huiona pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika ikiinuka kama ukuta. Pwani za mchanga zipo, lakini baada ya ghuba huja rasi ya mawe, na nyuma ya rasi huja mlima. Asili ya mambo hayo ni ufa mkubwa wa ardhi uliodidimia ukajaa maji. Kina cha ziwa, mahali palipo na kina kirefu kupita pote, ni kama mita 1,470. Na kilele cha Kungwe, au Nkungwe, kilicho kirefu kuliko vilele vyote vya milima ya Mahale, kina mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, yaani kama mita 1,690 juu ya uso wa ziwa lenyewe. Kungwe si jiwe tupu, kwa kuwa una misitu, mianzi na nyasi. Walakini mteremko wake ni mkali, na njia nyepesi ya kuufikia tangu zamani ilikuwa ya maji.

Vitabu vya historia ya kupanda milima huuliza kwanza swali moja: nani alifika juu kabla ya wengine wote? Kwa Kungwe swali hilo halina jibu, wala si kwa sababu mlima haukupandwa. Halina jibu kwa sababu waliopanda hawakupanda ili wahesabiwe. Hapana budi, basi, kuitafuta historia ya mlima kama huo kwa njia nyingine, na njia iliyo karibu ni ile ya majina na maneno.

Yafaa kuanza na wale waliopita chini ya jabali. Burton na Speke walifika Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858, wakakuta bandari ambayo wafanya biashara wa pwani walikuwa wakiijua tayari. Stanley alipokuwa akikaribia Ujiji mwaka 1871 alisikia mvumo wa mbali kama radi. Kiongozi wake, Asmani, alimweleza kuwa ni sauti ya Kabogo, mlima wenye mapango ambamo maji huingia kwa kishindo wakati wa upepo. Alimweleza pia kwamba Waarabu na wenyeji wapitapo hapo hutupa ziwani nguo na shanga, hasa shanga nyeupe, na asiyetupa huenda akazama.

Katika maelezo ya Asmani mlima huo ulikuwa ng'ambo ya pili ya ziwa. Cameron, aliyesafiri ziwani mwaka 1874, aliikuta Rasi Kabogo katika pwani ya mashariki, kusini ya Ujiji. Aliandika kuwa rasi hiyo ilikuwa na ncha mbili, moja ikisemwa kuwa makao ya pepo mume, ya pili makao ya mkewe. Na manahodha wake walisimama wakamwomba pepo huyo awapishe salama, kisha wakatia shanga majini. Hitilafu hiyo ya mahali si jambo dogo kwa mchunguzi wa majina. Yaonyesha kuwa mwambao mkali ulijulikana kwa sauti na kwa hofu kabla ya kuandikwa katika ramani. Tena neno lenyewe, rasi, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kichwa, ni neno la mabaharia wa Bahari ya Hindi. Liliingia nchi kavu pamoja na misafara likakaa juu ya jina la wenyeji. Jina hilo lenye sehemu mbili ni ushahidi wa wasafiri wa aina mbili.

Kusini zaidi ni nchi ya Watongwe. Kwao Kungwe ulikuwa mlima mtakatifu, na watu waliupanda kwa ajili ya mizimu ya mlima. Safari ya namna hiyo ina desturi zake: haifanywi mara moja ikaisha, bali hurudiwa kila haja itokeapo, na anayekwenda hafuati sifa yake mwenyewe. Kiswahili kinaifahamu maana hiyo vizuri. Neno mkwezi, litokalo katika kitenzi kukwea, humtaja mtu apandaye mnazi. Naye hukwea kwa sababu ya nazi au tembo, na kesho atakwea tena. Hakuna aulizaye ni nani aliyekuwa mkwezi wa kwanza wa mnazi fulani.

Ili jambo hili lionekane wazi, Kungwe yafaa ulinganishwe na jabali jingine la Tanzania lililopandwa kwa nia tofauti kabisa, nalo ni Mawenzi. Mawenzi ni kilele cha pili cha Kilimanjaro, chenye mita 5,149, nacho ni magenge matupu yenye mawe yanayomeguka. Wachaga husimulia kwamba Mawenzi alikuwa akienda kwa Kibo kuomba moto mara kwa mara, hata Kibo akakasirika akampiga kwa mchi. Kwa hiyo kichwa chake kimevunjika-vunjika hadi leo. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, baada ya kufika juu ya Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, walijaribu Mawenzi lakini hawakufika kileleni. Waliofika ni Eduard Oehler na Fritz Klute, mwaka 1912.

Hapo swali la nani wa kwanza lina jibu, na jibu limeandikwa juu ya jiwe lenyewe. Mlima mzima umebaki na jina la Kichaga, lakini ncha zake zina majina ya wageni: ncha ya Hans Meyer, ya Purtscheller, ya Klute na nyinginezo. Muini Amani, mtu wa Pangani, alikaa na Meyer na Purtscheller katika kambi ya juu, yenye zaidi ya mita 4,000, mwaka ule wa 1889. Bila yeye kambi isingekaa vizuri. Yeye hana ncha. Desturi ya kumhesabu wa kwanza humtaja aliyeshika jiwe la mwisho, na humsahau aliyelinda moto chini yake.

Kungwe haukupewa jina la mgeni, ila nao ulikutana na wageni. Mwaka 1961 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Kinji Imanishi, waliweka kambi yao Kabogo ili kuchunguza sokwe. Imanishi mwenyewe alikuwa mpanda milima, na mwaka 1952 aliongoza msafara wa kupeleleza Manaslu huko Nepal. Kuanzia mwaka 1965 Toshisada Nishida alifanya kazi hiyo Kasoge, chini ya milima ya Mahale. Katika maandishi ya miaka ile milima hiyo huitwa pengine Mahali, pengine Mahari, na jina la Kitongwe likapata sura ya neno la Kiswahili lisilohusiana nalo. Lakini mwaka 1981 Nishida na Uehara walichapisha orodha ya awali ya majina ya mimea kwa Kitongwe, kazi ambayo thamani yake kwa lugha si ndogo kuliko thamani yake kwa elimu ya mimea.

Orodha hiyo ilitoka wakati watu wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka. Katika miaka ya 1970, zama za kuhamia vijijini, Watongwe wa Mahale walihamishwa kutoka milimani, na mwaka 1985 eneo hilo likawa hifadhi ya taifa. Msitu na sokwe wamepata ulinzi. Njia ya kwenda Kungwe ipo, na watalii huipanda wakiongozwa na wenyeji. Lakini njia ya matambiko haikuwa vumbi na mawe tu. Ilikuwa na majina ya vijito, ya miamba na ya mahali pa kusimama, na majina hayo yalidumu kwa kuwa yalitamkwa na watu wapandao. Mimea imeandikiwa orodha. Vituo vya njia navyo vyastahili orodha yao, ikusanywe kwa wazee walio vijijini nje ya hifadhi, kwa Kitongwe kwanza, kisha kwa Kiswahili. Kabogo ilihifadhiwa kwa sababu wasafiri waliokuwa na hofu walilitaja jina lake. Waliopanda Kungwe kwa ibada hawakuandika kitu, na ushahidi wao wote umo katika ndimi za wazee hao.