Daftari la Kilwa na Hesabu za Mara

Tarehe 14 Septemba 1776, katika kisiwa cha Kilwa, Sultani Hasan bin Ibrahim bin Yusuf alifunga mapatano na mfanyabiashara wa Kifaransa aliyeitwa Jean-Vincent Morice. Mapatano yenyewe ni mafupi, hayajazi hata ukurasa mmoja wa kitabu. Sultani aliahidi kumpatia Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa riale 20 za fedha, na Morice naye aliahidi kumpa Sultani riale 2 za bakshishi juu ya kila kichwa. Mnunuzi mwingine, awe Mfaransa, Mholanzi au Mreno, hataruhusiwa kununua mpaka Morice awe ametosheka. Ili kulithibitisha neno lake, Sultani alimpa mgeni huyo ngome, aweke humo mizinga aitakayo na atweke bendera yake. Na muda wa mapatano ulikuwa miaka 100.

Akikaa mtu na karatasi hiyo na kupiga hesabu, atapata riale 20,000 kwa mwaka za bei, na riale 2,000 za bakshishi. Kwa muda wote uliotajwa atapata watu 100,000, na riale 2,200,000. Walioandika hawakuijumlisha hesabu hiyo mpaka mwisho wake. Kwao ilitosha kujua bei ya mmoja. Lakini ndivyo walivyoafikiana, kwa kalamu na muhuri, juu ya watu ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa, wala wazee wao hawajazaliwa.

Morice alikuwa tabibu wa melini kabla ya kuwa mchuuzi, na alikwisha kununua watu Unguja kabla ya kuipendelea Kilwa. Wateja wake walikuwa wenye mashamba ya Île de France na Bourbon, visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Huko kulilimwa kahawa, miwa na viungo. Karafuu, ambayo baadaye iliipa Unguja sifa yake duniani, ilipandwa kwanza katika visiwa hivyo hivyo mnamo mwaka 1770, kisha ikaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Njia aliyopitia mtumwa kwenda ndiyo iliyopitia mche wa karafuu kurudi. Na riale za malipo, ambazo Wafaransa waliziita piastre, zilikuwa fedha ya Kihispania, iliyochimbwa Mexico na Peru.

Maandishi ya Morice, pamoja na barua na majibu ya maswali aliyoulizwa na wakubwa wa Île de France, yalichapishwa mwaka 1965 na mwanahistoria G.S.P. Freeman-Grenville. Ni maandishi ya mtu mwenye bidhaa mkononi na jicho kwenye tanga. Anazungumza habari za pepo, za bandari, za pembe za ndovu zinazotoka bara, za bahari ya maji baridi iliyo mbali ndani ya nchi, na za faida ambayo serikali yake ingepata iwapo ingemsaidia. Miaka minane baada ya mapatano, mwaka 1784, Mfaransa mwingine, Joseph Crassons de Medeuil, alifika Kilwa naye akaandika orodha ya meli na shehena zao. Kwa hesabu yake, katika muda wa miezi 28 walitolewa Kilwa watu zaidi ya 4,000. Orodha inataja meli, inataja manahodha, na mbele ya kila meli inaweka tarakimu. Jina la mtu hata mmoja kati ya hao 4,000 halimo.

Lingekuwa kosa kudhani kwamba Mfaransa ndiye aliyeileta kalamu Kilwa. Barua zilizoandikwa Kilwa mnamo mwaka 1711, ambazo zimehifadhiwa Goa, ni miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili yanayojulikana, na huko Pate Utendi wa Tambuka unahesabiwa kuwa wa mwaka 1728. Pwani ilikuwa na waandishi wake, na wafanyabiashara wake walijua frasila na pishi, walijua deni na amana, kabla ya Morice kutia nanga. Karatasi ya mwaka 1776 ina pande mbili, na hapana upande uliokuwa haujui kusoma.

Sasa inafaa macho yaelekezwe upande mwingine wa nchi, kaskazini-magharibi, zaidi ya nyika na milima, karibu na Ziwa. Katika karne hiyo ya 18, mahali palipo leo wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, walikuwapo wakulima wa ulezi na mtama, wafugaji na wawindaji: Wakurya upande wa kaskazini, na kusini yao Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waishenyi na Waikizu, pamoja na Watatoga waliokuwa na ng'ombe wengi. Hapana karatasi ya karne hiyo iliyotoka Tarime au Mugumu. Msomaji wa pwani aliyezoea kuona historia imekaa ndani ya sanduku la hati huenda akasema kwamba basi hapana hesabu. Ziko, ila hazikuwekwa kwa wino.

Kwanza tarehe. Wakurya na majirani zao waliugawa wakati kwa mazingira ya vizazi, Saai na Chuuma, vikipokezana baba na mwana. Na ndani yake wakaweka marika ya jando, kila moja na jina lake. Mzee alipotaka kusema deni ni la lini, alitaja rika la waliotahiriwa msimu ule. Wasikilizaji wote walijua walikuwa wapi wakati huo, nani alikuwa hai na nani alikuwa tumboni. Tarehe kama hiyo ina ushahidi wa watu wengi, na kuighushi ni kazi kubwa.

Kisha mali. Kwa Mkurya hesabu kuu ilikuwa ng'ombe, na daftari lake kuu lilikuwa mahari. Ng'ombe waliotolewa kwa binti hawakumwagwa tu zizini mwa baba. Waliandikiwa nyumba ya mama yake, yaani walihesabiwa kuwa mali ya nyumba ile, na aghalabu ndio waliomwoza kaka yake wa tumbo moja. Kwa hiyo kaka alikuwa na deni kwa dada, na mke wa kaka alijua kwa ng'ombe wa nani ameingia katika boma lile. Ng'ombe mwenyewe alitambulikana kwa rangi yake, kwa pembe zake na kwa mama aliyemzaa; ndama wake wakafuatwa hivyo hivyo. Zikizuka daawa, wazee waliweza kuusoma mlolongo huo kurudi nyuma vizazi viwili au vitatu, kama kadhi anavyosoma hati ya shamba. Hata mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume alikuwa na ukurasa wake: kwa ndoa iitwayo nyumba ntobhu aliweza kutoa ng'ombe, akaoa mke kwa jina la nyumba yake, na watoto watakaozaliwa wakawa warithi wa nyumba hiyo. Desturi hiyo ingalipo Tarime na Serengeti.

Na biashara ya mbali? Hapa ndipo mambo yanaponoga, kwa kuwa bidhaa iliyowatajirisha wawindaji wa Ikoma, katika karne ya 19 iliyofuata, ni kitu ambacho mchuuzi wa Kilwa asingekiinamia kukiokota: mkia wa nyumbu. Kila mwaka, mvua kubwa zinapokwisha, makundi ya nyumbu hushuka kupitia upande wa magharibi wa Serengeti kuelekea mto Grumeti na mto Mara. Wawindaji waliyangoja kwa mashimo na mishale ya sumu. Nyama ilianikwa ikawa kimoro, chakula cha miezi ya njaa. Ngozi ilivaliwa na kulaliwa. Na mikia ikafungwa mafungu mafungu, ikabebwa kwa miguu mpaka Usukuma. Pwani inaujua mkia wa namna hiyo kwa jina la usinga, mkononi mwa mganga au mkubwa wa mji. Wasukuma walizisuka singa zake kuwa vikuku na mitali. Mwikoma akarudi na mbuzi, na ng'ombe, na majembe ya chuma ambayo mengi yalifuliwa kwa wahunzi wa Uzinza, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa. Ndivyo mtu aliyezaliwa bila ng'ombe alivyopata mahari: alikwenda porini na shimo lake, akarudi kupitia Usukuma, akaingia katika daftari la mahari.

Habari hizi hazikutoka katika shajara ya msafiri. Zimetoka vinywani mwa wazee wa Mara, wengi wao wakisimuliwa na babu zao. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alizikusanya kwa miaka mingi, na mwaka 2003 alichapisha kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa Mara ya kusini. Inastahili kukumbukwa kwamba walikuwapo wazee waliokwisha kushika kalamu kabla mgeni hajawauliza, wakaandika walichokijua kwa hofu ya kwamba vijana hawatakisikia tena.

Si haki, hata hivyo, kuigeuza Mara kuwa pepo kwa sababu tu Kilwa iliuza watu. Njaa ilipozidi, mtoto alibadilishwa kwa nafaka huko pia. Katika miaka ya 1890, sotoka ilipofagia ng'ombe, na ndui na ukame vikafuatana, wazazi wa Mara walipeleka watoto wao Usukuma na kurudi na mtama. Hilo ni jambo la kweli na wazee hawakulificha. Tofauti iko katika kilichofuata. Mtoto aliyenunuliwa kwa njaa mara nyingi aliingizwa katika ukoo uliompokea, akapewa jina la hapo, akaoa au akaolewa kwa ng'ombe wa hapo. Na habari ya alikotoka ikabaki katika kumbukumbu, ijapokuwa kwa kunong'onwa. Mama yake alijua amekwenda kwa nani. Aliyepakiwa melini Kilwa alitoka katika hesabu ya nyumba ya mama yake, akaingia katika hesabu ya riale 20, na baina ya madaftari hayo mawili hapakuwa na mstari wa kuyaunganisha.

Kwa nini basi daftari la Kilwa halikuifikia Mara katika karne ya 18? Watu waliouzwa Kilwa walitoka kusini, katika nchi za Wamakua, Wayao na watu wa Ziwa Nyasa, na Wayao ndio waliokuwa mabingwa wa njia hiyo kwa pembe na kwa watu. Kaskazini hapakuwa na njia kama hiyo. Baina ya Mara na bahari palikuwa na nyika kavu na Wamasai, na misafara ya pwani iliukaribia upande huo kwa kuzunguka tu, kupitia Tabora na kusini mwa Ziwa, nayo ni katikati ya karne ya 19. Speke aliliona Ziwa karibu na Mwanza mwaka 1858. Stanley alipita kwa mashua mbele ya pwani ya Mara mwaka 1875. Wakati huo mapatano ya Kilwa yalikwisha kuwa hadithi: karibu na mwaka 1785 Waomani waliitia Kilwa mkononi, na ile miaka 100 haikutimia hata 10, mwaka 1822 mkataba wa Moresby ukakataza kuuza watu kwa Wakristo, mwaka 1873 soko la Unguja likafungwa. Biashara yenyewe, kama ijulikanavyo visiwani, haikungoja karatasi kuishi wala haikufa siku ya karatasi.

Daftari la kwanza kuingia mpaka ndani ya nchi ya Ikoma lilikuwa la kodi. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 wakajenga boma lao Ikoma, karibu na mto Grumeti. Sasa ilihitajika rupia, na rupia haizai ndama. Nyumba iliyokuwa ikihesabiwa kwa mama, binti na ng'ombe wa mahari ikahesabiwa kwa paa: paa moja, kodi moja. Mwaka 1951 Serengeti ikatangazwa hifadhi ya taifa, na mtu aliyekutwa humo na fungu la mikia au mzigo wa kimoro, ambaye babu yake angesifiwa kwa ushujaa wa kutafuta mahari, akaandikwa katika daftari jingine, la mahakama, kwa jina la jangili.

Kimoja hakikuwahi kuingia katika daftari lolote. Waikoma wana jozi ya pembe za ndovu ziitwazo Machaba, ambazo kwa masimulizi yao walipewa na mtabiri wa Kitatoga, ziwe kinga ya nchi na rutuba ya watu wake. Hutunzwa, hutolewa kwa taratibu zake na kurudishwa mahali pake. Katika zama za Morice pembe kama hizo zilikuwa zikishushwa mabegani mwa wachukuzi Kilwa kila msimu, zikitiwa katika mizani na kuhesabiwa kwa frasila, na baadaye, Unguja ilipopanda, bei yake ilivuta misafara mpaka ng'ambo ya Tanganyika. Wawindaji wa Ikoma waliijua ndovu, na waliujua mkia wa nyumbu unapata mbuzi wangapi Usukuma. Machaba hawakuzipeleka sokoni.