Bulangeti la majina

Katika kijitabu hiki tumezoea kusoma juu ya mikeka, vyungu na vikwembe vya kilio: familia yote inavaa kikwembe kimoja, na mpita njia anajua kwamba hapa kuna msiba. Safari hii tuangalie watu wa mbali waliofanya kilio chao kwa sindano na uzi. Ni wanaume waliopenda wanaume wenzao, katika mji wa San Francisco, Marekani. Najua kuna wasomaji watakaokunja uso. Tusome kwanza historia, kiisha kila mmoja ataona.

Waganga wa Marekani walianza kuandika juu ya SIDA mwaka wa 1981. Wengi wa wagonjwa wa kwanza walikuwa wanaume wa namna ile, na serikali ilinyamaza. Rais Ronald Reagan alitoa hotuba yake kubwa ya kwanza juu ya ugonjwa huu mwezi wa 5, 1987. Wakati ule Wamarekani zaidi ya 20,000 walikuwa wamekwisha kufa. (Kwetu Zaire nako watu walicheka, eti ni ugonjwa wa kubuniwa ili kuwakatisha wapenzi tamaa, na huku waganga walikuwa wanauchunguza Kinshasa, kwenye hospitali Mama Yemo, tangu 1984.) Kule San Francisco familia nyingi ziliona haya. Kuna zilizokataa maiti ya mtoto wao. Mtu alikufa, na jina lake nalo likafa.

Mwezi wa 11, 1985, Cleve Jones alikuwa anatayarisha maandamano ya mishumaa ya kumkumbuka Harvey Milk na meya George Moscone, waliouawa 1978. Akawaomba watu waandike kwenye makartoni majina ya wapendwa wao waliouawa na SIDA. Walipofika kwenye jengo la serikali kuu, walibandika yale makartoni ukutani. Jones akatazama, akaona ukuta ni sawa vile bulangeti la viraka, yale ambayo kina bibi yake walishona. Njo pale wazo lilizaliwa.

Kanuni ilikuwa moja: kila kipande kiwe na urefu wa futi 6 na upana wa futi 3, karibu sawa na kaburi. Mengine yote ni juu ya mshonaji. Kwenye barabara ya Market Street walifungua karakana, watu wakaleta mashini za kushona. Wanaume ambao hawakuwahi kushika sindano walijifunza pembeni ya wamama waliofiwa. Walishonea suruali ya marehemu, shati, midoli, nywele, hata majivu. Mshono mbaya ulipokelewa sawa na ule mzuri. Vipande vingine havina jina kamili, ni herufi mbili tu ama jina la kwanza, maana mshonaji aliogopa. Kwangu mimi, vile njo vinasema zaidi.

Tarehe 11 mwezi wa 10, 1987, vipande 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja mkubwa wa Washington, na majina yakasomwa kwa sauti, moja moja. Watu nusu milioni walipita pale kwa siku zile mbili. Ni vigumu kubishana na mama anayepiga magoti juu ya kitambaa cha mtoto wake.

Lakini si wote waliridhika. Watu wa chama cha ACT UP walisema bulangeti ni laini mno, linawafariji wakubwa badala ya kuwashitaki. Tarehe 11 mwezi wa 10, 1992, wakati bulangeti lilikuwa limetandazwa tena Washington, wao walibeba majivu ya wapendwa wao mpaka Ikulu, wakayamwaga kwenye majani ng'ambo ya ua. Ninaelewa hasira ile. Ila majivu yalimwagwa yakaisha, kushona kuliendelea.

Mara ya mwisho kulitandaza lote ilikuwa 1996. Leo lina vipande karibu 50,000, majina zaidi ya 110,000, na uzito wa tani 54. Lilikuwa limehifadhiwa Atlanta, kiisha likarudishwa San Francisco. Mwezi wa 6, 2022, vipande karibu 3,000 vilitandazwa pale kwenye bustani ya Golden Gate, na majina yakasomwa tena.