Kikapu cha Wahunzi wa Ufipa

Apitaye katika nyanda za juu za Ufipa aweza kuona hata leo minara ya udongo iliyosimama porini, kimo chake futi 10 hivi, imebomoka juu na kuota majani. Hizo ni tanuri za kuyeyushia chuma, nazo huitwa malungu, na moja ni ilungu. Moto wake haukuvukutwa. Upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini, ukavutwa juu. Chuma kilichotoka kilikuwa kingali kimechanganyika na mavi yake, ndipo kikasafishwa katika tanuri ndogo yenye mivuo, iitwayo kintengwe, kisha kikafuliwa majembe.

Mnara wabaki, lakini kilichokuwa moyo wake hakionekani. Kabla ya kuwasha moto, fundi mkuu alifungua kikapu cha dawa, yaani intangala, akatoa magome, mizizi na viungo vya wanyama, akavifukia katika sakafu ya tanuri. Tanuri ilihesabiwa kuwa bibi arusi, na kwa hiyo wahunzi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Vitu vile vilipangwa kwa uangalifu mwingi, navyo vilipangwa ili viungue.

Wanavajo wa Marekani wana desturi ya jinsi hiyo. Huchora picha chini kwa mchanga wa rangi, mgonjwa huketishwa juu yake, na ibada ikiisha picha hufutwa. Mapadre Wafransisko wa St. Michaels, Arizona, walitoa kamusi ya lugha na desturi zao mwaka 1910, na Padre Berard Haile akaendelea miaka mingi kuyaandika maneno ya ibada hizo.

Huku kwetu Padre Wyckaert aliandika mwaka 1914, katika jarida la Anthropos, habari za wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo. Kichwa hicho tu chaonyesha shida: je, Mkristo ayeyushe chuma pasipo kikapu? Nionavyo, ndani ya kikapu elimu ya ufundi na ibada zilifungwa kwa kamba moja, na si rahisi mgeni kujua fundo liko wapi. Majembe ya Ulaya yakajaa madukani, moto ukazimika, na swali likaachwa njiani.

Mwaka 1997 Peter Schmidt na Bertram Mapunda waliandika juu ya vishimo vya dawa katika sakafu za tanuri za kale. Kishimo huchimbuliwa na kupimwa. Maneno aliyoyasema fundi alipokuwa akikijaza hayachimbuliki.