Farasi wa Karatasini: Nguvu za Injini za Pikapu za Marekani Kabla na Baada ya 1972

Nguvu farasi ilianza kama hoja ya mfanyabiashara kabla haijawa kipimo cha mhandisi, kwa kuwa James Watt, Mskoti aliyeuza injini za mvuke mwishoni mwa karne ya 18, alihitaji kuwaonyesha wenye viwanda idadi ya wanyama ambao mtambo wake ungechukua nafasi yao, akakadiria kwamba farasi mmoja huinua pauni 33,000 kwa kimo cha futi moja kila dakika, kiasi kinachokaribia wati 746. Tabia hiyo ya kibiashara haikukitoka kipimo hicho, na historia ya pikapu za Marekani inaidhihirisha waziwazi.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, makampuni ya Marekani yalitangaza nguvu ghafi, yaani nguvu iliyopimwa injini ikiwa imefungwa peke yake kwenye mtambo wa majaribio, bila feni, chujio la hewa wala sailensa, hali ambayo hakuna dereva aliyewahi kuendesha gari likiwa nayo. Kuanzia matoleo ya 1972 ilitumika nguvu halisi, ambayo hupimwa injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Injini ya Chevrolet ya silinda sita yenye ujazo wa inchi 250, sawa na lita 4.1, iliyofungwa katika pikapu za C10, ilishuka kutoka farasi 145 hadi 110 kwenye vitabu, ingawa chuma kilikuwa kilekile. Ni kweli kwamba General Motors ilipunguza mgandamizo wa injini zake nyingi mwaka 1971 ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo, lakini si lawama zote zilizoangushiwa sheria za hewa safi kwa kushuka huko zilizostahili.

Tofauti hiyo ya farasi 35 ndiyo inayoeleza kwa nini marekebisho mepesi ya gereji yalileta nafuu: aliyefunga ekzosi pana, chujio lisilobana hewa na feni inayojitenga injini inapopoa hakuunda nguvu mpya, bali alirudisha sehemu ya ile iliyokuwa ikiliwa na vifaa. Kamshafti kali, inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu zaidi, ilikuwa zawadi yenye hila, kwani iliongeza nguvu katika mizunguko ya juu na kuipunguza katika ile ya chini, ambako gari lililobeba shehena huihitaji.

Kikwazo kikubwa cha injini hiyo ya silinda sita kilikuwa kwenye silinda hedi, ambamo silinda mbili ziligawana tundu moja la kuingizia hewa na mafuta, tena lenye kishina cha boliti katikati ya njia. Mafundi wavumilivu walikiondoa kishina hicho. Wengi zaidi waliing'oa injini nzima na kuweka V8 ya inchi 350, kazi iliyorahisishwa na Chevrolet yenyewe, kwa kuwa injini zote mbili zilikubali kufungwa kwenye gia boksi ileile.