Elimu ya demografia nchini Tanzania

Elimu ya demografia ni masomo ya chuo kikuu yanayochunguza idadi ya watu, muundo wake na mabadiliko yake. Mabadiliko hayo hutokana na mambo matatu: uzazi, vifo na uhamaji. Mwanzilishi wa fani hii anahesabiwa kuwa John Graunt, aliyechambua orodha za vifo za London mwaka 1662.

Vyuo

Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965 na hufundisha takwimu rasmi. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, hutoa shahada ya kwanza inayounganisha idadi ya watu na mipango ya maendeleo. Wanafunzi hujifunza hisabati, mbinu za sensa, piramidi ya umri na makadirio ya idadi ya watu ya miaka ijayo.

Mfano wa Mtwara

Mkoa wa Mtwara ulikuwa na wakazi 1,270,854 katika sensa ya mwaka 2012 na 1,634,947 mwaka 2022. Ongezeko hilo ni takriban 2.5% kwa mwaka, wakati Tanzania nzima iliongezeka kwa 3.2%. Kwa kasi hiyo, idadi ya watu wa Mtwara ingeongezeka maradufu baada ya miaka 28 hivi, na ya nchi nzima baada ya miaka 22. Sababu mojawapo ni kwamba uzazi katika mikoa ya kusini uko chini kuliko Kanda ya Ziwa na magharibi.

Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na wanaume 599,648 na wanawake 671,206, yaani wanaume 89 kwa kila wanawake 100. Kitaifa walikuwa 95. Tofauti hiyo huelekeza kwenye uhamaji: vijana wa kiume huondoka kutafuta kazi.

Mipaka ya takwimu

Sensa huhesabu watu mahali walipolala usiku mmoja. Katika kata za pwani kama Ziwani, Wilaya ya Mtwara Vijijini, mvuvi aliyekwenda dago huhesabiwa huko aliko, si kwao. Tena katika kata ndogo, vifo vichache tu hubadilisha sana kiwango cha vifo cha mwaka. Kwa hiyo anayepanga zahanati au madarasa hulinganisha sensa na kumbukumbu za vizazi na vifo za miaka kadhaa.